Uvutaji wa Sigara na Uponaji wa Vidonda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi ya daktari wa upasuaji huishia pale mshono unapofungwa. Kazi inayobaki ni ya mwili wenyewe, nao huifanya kimyakimya kwa wiki na miezi. Maswali yaliyo hapa chini yanahusu moshi wa tumbaku, ambao huikwamisha kazi hiyo ya pili kuliko mambo mengi ambayo mgonjwa ana uwezo wa kuyabadilisha kwa hiari yake. Yameandikwa kwa ajili ya anayesubiri kupasuliwa, anayeuguza kidonda kisichotaka kufunga, na anayemhudumia mmoja wao nyumbani.

Je, ni kweli kwamba sigara huchelewesha kidonda kupona, au ni kitisho cha kutulazimisha tuache?

Ni kweli, na madaktari hawakuligundua jambo hili jana. Tayari mwaka 1977 ilichapishwa taarifa ya kitabibu iliyoeleza kidonda cha mkono cha mvutaji wa sigara ambacho kilishindwa kupona ipasavyo, pamoja na jinsi damu inavyopungua vidoleni mtu anapovuta. Tangu hapo madaktari wa mifupa, wa meno, wa tumbo na wa ngozi wamekuwa wakikuta jambo lilelile kila mmoja katika fani yake.

Utafiti mmoja unastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo kwa sababu ulifanywa kwa uangalifu mkubwa. Watafiti wa Denmark, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003, waliwachukua watu 78 waliojitolea, wavutaji na wasiowahi kuvuta, wakawachanja vidonda vidogo vinavyofanana kisha wakavifuatilia. Katika kundi la wavutaji, vidonda 12 katika kila 100 vilipata maambukizi. Kwa wale ambao hawajawahi kuvuta, ni vidonda 2 tu katika kila 100. Watu hao hawakuwa wagonjwa mahututi wala wazee waliochoka, na vidonda vyao vilikuwa vya aina moja. Kwa wavutaji walioacha, maambukizi yalipungua baada ya wiki nne, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya utafiti inayofaa kukumbukwa kuliko zote.

Kidonda hupona vipi hasa, na moshi huingilia wapi?

Mara tu ngozi inapokatika, damu huganda na kuziba mlango. Baada ya hapo chembe nyeupe za damu humiminika mahali pale kuua vimelea na kuzoa mabaki ya nyama iliyokufa, na ndiyo maana kidonda kichanga huwa chekundu, chenye joto na kilichovimba kidogo hata kama hakina tatizo lolote. Siku chache baadaye huanza ujenzi: mishipa midogo sana ya damu huchipuka, nyama mpya ya rangi nyekundu na yenye chembechembe hujaza shimo, na chembe za ujenzi hutengeneza kolajeni, yaani nyuzinyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara wake. Hatua ya mwisho ni ya kupanga upya nyuzi hizo, nayo huweza kuendelea kwa mwaka mzima au zaidi. Hata baada ya miezi mitatu, kovu huwa na takriban asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya awali, na kwa kawaida halivuki kiwango hicho.

Kila hatua kati ya hizo inahitaji oksijeni, na oksijeni haifiki kidondani ila kwa damu. Moshi wa tumbaku huishambulia njia hiyo kwa namna tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, nikotini huufanya mwili utoe homoni za taharuki, ikiwemo adrenalini, na mishipa midogo ya ngozi hujikaza hadi damu ipitayo inapungua. Pili, gesi ya kaboni monoksidi iliyomo katika moshi hujishikiza kwenye himoglobini, ile sehemu ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kwa hiyo hata damu kidogo inayopenya kwenye mishipa iliyokazwa huwa imebeba mzigo pungufu, na kile kidogo ilichobeba haikiachii kwa urahisi. Tatu, moshi una sianidi ya hidrojeni, sumu inayozizuia chembe za mwili zisiweze kuitumia oksijeni hata ile iliyofanikiwa kuzifikia.

Ukiutazama mpangilio huo utaona kwamba njia imebanwa, mzigo umepunguzwa, na mpokeaji naye amefungwa mikono. Hayo ni mambo matatu tu katika moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000.

Sigara moja tu inaweza kuleta madhara yoyote?

Inaweza, ingawa madhara yake hupita. Watafiti waliopima oksijeni ndani ya nyama ya watu waliovuta kwa dakika kumi walikuta kiwango kikishuka haraka na kubaki chini kwa muda wa dakika 30 hadi 50. Mtu anayevuta sigara moja kwa siku atakuwa na pengo moja la aina hiyo. Anayevuta pakiti nzima ya sigara 20 hufungua pengo jipya kabla lililotangulia halijaziba, na hivyo sehemu kubwa ya saa anazokuwa macho kidonda chake huwa kinaishi kwa oksijeni pungufu. Hilo ndilo ninalowaomba wagonjwa walione: kidonda hakihesabu miaka uliyovuta, kinachokihusu ni hewa kinayoipata leo.

Dalili zake huonekana kwa macho?

Mara nyingi huonekana, hasa kwenye vidole na kwenye kingo za ngozi iliyoshonwa. Bonyeza ukucha wa mtu mwenye afya kwa sekunde tano kisha uachie: weupe hutoweka na rangi hurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Muuguzi anayekagua mshono hufanya jambo linalofanana na hilo kwa ncha ya kidole chake kilichovaa glovu, akigusa ngozi karibu na nyuzi na kusubiri rangi irudi. Pale ambapo damu inafika vizuri, rangi hurudi upesi na ngozi huwa na joto. Pale ambapo haifiki, ukingo huwa wa baridi, hugeuka zambarau iliyofifia au kijivu, na baada ya siku kadhaa hukauka na kuwa mweusi kama kipande cha ngozi ya kiatu. Ukingo huo mweusi ni nyama iliyokufa, na mara nyingi italazimu ikatwe ndipo kidonda kianze upya kujaza kutokea chini. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko ya rangi ni magumu kuyatambua, kwa hiyo joto, ugumu na maumivu ya mahali pale hupewa uzito zaidi kuliko rangi.

Kwa nini vidonda vya wavutaji hutunga usaha kwa urahisi zaidi?

Kwa sababu chembe nyeupe za damu huua bakteria kwa kuigeuza oksijeni kuwa sumu kali ya kuwarushia. Zikikosa oksijeni, huwa kama askari waliofika vitani bila risasi: wapo, ni wengi, lakini hawawezi kumaliza kazi. Moshi pia huzichelewesha kufika na huvuruga mawasiliano kati yake.

Habari njema iko hapahapa. Uwezo huu wa kupigana na vimelea hurejea kwa kiasi kikubwa ndani ya wiki nne hivi tangu mtu aache kuvuta. Kazi ya ujenzi wa kolajeni hurejea polepole zaidi, na kwa baadhi ya watu hairejei kikamilifu kwa muda mrefu. Ndiyo sababu aliyeacha hupata nafuu kubwa ya kuepuka usaha, huku hatari ya mshono wa tumbo kulegea au ngiri kutokeza kwenye kovu ikipungua taratibu zaidi.

Ni upasuaji wa aina gani ulio hatarini zaidi?

Ule unaoiacha ngozi au nyama ikitegemea mishipa michache ya damu. Daktari anaponyanyua kipande cha ngozi na kukihamishia mahali pengine, kwa mfano katika kujenga upya titi baada ya saratani au kufunika sehemu iliyoungua, kipande hicho huishi kwa damu inayoingia upande mmoja tu hadi mishipa mipya ichipuke. Nikotini ikiikaza mishipa hiyo michache, hakuna njia ya pembeni. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1984 kuhusu upasuaji wa kukaza ngozi ya uso ulikuta wavutaji wakikabiliwa na uwezekano wa takriban mara 12 zaidi wa ngozi kufa, ukilinganisha na wasiovuta. Hii ndiyo sababu madaktari wengi wa fani hiyo hukataa kabisa kumpasua mtu anayeendelea kuvuta. Wapo wanaopima mkojo au damu kutafuta kotinini, ambayo ni mabaki ya nikotini, kabla ya kukubali.

Baada ya hapo huja upasuaji wa kuunganisha utumbo, ambapo kiungo kikivuja hali huwa ya hatari kwa maisha, kisha upasuaji wa mifupa na viungo, na kila mshono wa tumbo ukiwemo wa kujifungua. Mshono wa tumbo una adui wa ziada: kikohozi. Kila mvutaji anakijua kile kikohozi cha asubuhi, na kila anapokohoa, misuli ya tumbo huvuta nyuzi kutoka ndani.

Nimevunjika mguu. Sigara inahusiana nini na mfupa?

Inahusiana sana. Mfupa uliovunjika hupona kwa kutengeneza daraja jipya la mfupa kati ya vipande viwili, na daraja hilo huanza kwa mishipa ya damu kama kidonda kingine chochote. Kwa wavutaji mifupa huchukua muda mrefu zaidi kuunga, hasa mfupa wa mguu ulio chini ya goti, ambao tangu mwanzo haupati damu nyingi. Uwezekano wa mfupa kukataa kuunga kabisa nao huongezeka, na hapo mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji kuwekewa chuma au kupandikiziwa mfupa. Upasuaji wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo unajulikana kwa kushindikana zaidi kwa watu wanaovuta.

Nimeng'olewa jino. Ninaweza kuvuta lini?

Usivute kwa angalau siku tatu za mwanzo, na ukiweza, subiri hadi fizi ifunge. Shimo la jino hulindwa na donge la damu linaloganda ndani yake. Donge hilo ndilo bandeji pekee uliyonayo. Likitoka au likiyeyuka kabla ya wakati, mfupa hubaki wazi, na kati ya siku ya pili na ya nne huanza maumivu makali yanayopanda hadi sikioni, yakiambatana na harufu mbaya mdomoni. Wavutaji hupatwa na hali hii mara nyingi zaidi kwa sababu moshi hupunguza damu ya fizi na kuingiza sumu moja kwa moja shimoni, na kitendo chenyewe cha kufyonza huweza kulivuta donge. Kwa sababu hiyohiyo usinywe kwa mrija.

Nina kisukari na kidonda mguuni. Je, sigara inaongeza tatizo?

Inaongeza kwa kiasi ambacho nisingependa mtu yeyote akipuuze. Kisukari peke yake huharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu ya miguu, hadi mtu anaweza kukanyaga msumari asihisi. Sigara nayo huziba mishipa mikubwa ya miguu kwa mafuta na kukaza ile midogo. Mambo haya mawili yakikutana kwenye mguu mmoja, mchubuko wa kiatu huweza kugeuka donda ndugu, na donda ndugu likaishia kwa kukatwa kidole au mguu. Kuidhibiti sukari huku ukiendelea kuvuta ni kuziba tundu moja la mtumbwi na kuliacha la pili.

Upo pia ugonjwa wa Buerger, ambao huwapata karibu watumiaji wa tumbaku peke yao, tena wengi wakiwa bado vijana. Mishipa ya mikono na miguu huvimba na kuziba, vidole huuma na kufa. Anayeacha tumbaku kabisa kwa kawaida huuona ugonjwa ukisimama, na anayeendelea, hata kwa sigara chache kwa siku, huendelea kupoteza vidole.

Niache muda gani kabla ya upasuaji?

Wiki nne au zaidi ndicho kipimo kinachopendekezwa na wengi. Shirika la Afya Duniani, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Australia na Shirikisho la Dunia la Vyama vya Wataalamu wa Dawa za Usingizi, lilitoa mwaka 2020 uchambuzi ulioonyesha kwamba wanaoacha takriban wiki nne kabla ya upasuaji hupata matatizo machache zaidi, na kwamba kila wiki isiyo na tumbaku baada ya wiki hizo nne huboresha matokeo kwa asilimia 19.

Ushahidi wa zamani kidogo huonyesha jambo hili kwa sura ya wazi zaidi. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti mwingine wa Denmark uliowahusu wagonjwa 120 waliokuwa wakisubiri kubadilishiwa nyonga au goti. Nusu walisaidiwa kuacha au kupunguza sana sigara kuanzia wiki sita hadi nane kabla, na nusu walihudumiwa kama kawaida. Kati ya waliosaidiwa, asilimia 18 walipata tatizo la aina yoyote baada ya upasuaji. Kati ya wengine walikuwa asilimia 52. Kwa matatizo ya kidonda peke yake, ilikuwa asilimia 5 dhidi ya 31. Zipo dawa ghali zinazosifiwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Upasuaji wangu ni wiki ijayo. Je, nimechelewa mno?

Hujachelewa. Nusu ya kaboni monoksidi iliyo katika damu hutoka ndani ya saa nne hadi sita ukivuta hewa ya kawaida, na nikotini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Kwa hiyo anayelala bila kuvuta na kuingia chumba cha upasuaji asubuhi bila kuvuta, huingia akiwa na damu yenye uwezo zaidi wa kubeba oksijeni kuliko aliyevuta njiani. Chembe za kinga hazitakuwa zimerejea, lakini wiki utakazoongeza baada ya upasuaji zitahesabika pia, kwa sababu kidonda hakiponi siku ile kinaposhonwa.

Kama upasuaji ni wa kupangwa na unaweza kusubiri bila madhara, ni halali kumwuliza daktari wako kama inafaa uahirishwe kwa wiki chache. Kama ni wa dharura, usichelewe hata saa moja kwa sababu ya sigara.

Nimesikia kwamba kuacha ghafla karibu na upasuaji huzidisha makohozi na kuleta hatari. Ni kweli?

Maelezo haya yalienea kwa miaka mingi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya waliyarudia kwa nia njema. Tafiti zilizojumlishwa baadaye hazikuonyesha kwamba kuacha muda mfupi kabla ya upasuaji huongeza matatizo ya mapafu. Ninasikitika kila ninaposikia mgonjwa aliyekuwa tayari kuacha akivunjwa moyo kwa hoja hii.

Baada ya upasuaji nikae muda gani bila kuvuta?

Kwa uchache hadi kidonda kifunge kabisa, na wengi hupendekeza wiki nne hadi sita. Kwa mfupa ni hadi picha ya eksirei ionyeshe umeunga, jambo linaloweza kuchukua miezi. Siku za mwanzo ndizo nyeti kuliko zote, kwa kuwa ndipo mishipa mipya huchipuka na ndipo vimelea huweza kushika. Ni siku hizohizo ambapo mgonjwa huchoka kulala, maumivu humkera, na huona afadhali atoke nje mara moja apige pafu mbili. Ninaielewa hamu hiyo. Ukiweza, waambie walio karibu nawe mapema kwamba saa hiyo itafika, ili asitokee wa kukuchukulia sigara akidhani anakufariji.

Tahadhari moja ya moto inafaa kutajwa hapa. Usivute kamwe karibu na oksijeni ya mgonjwa, wala ukiwa na bandeji au shuka iliyolowa marhamu ya mafuta, kwani vitambaa hivyo hushika moto haraka sana.

Bandiko la ngozini au chingamu ya nikotini, vinavyotumika kusaidia kuacha sigara, si nikotini ileile? Haviwezi kuzuia kidonda kupona?

Swali hili ni la haki, kwa kuwa nikotini imetajwa hapo juu kama mkazaji wa mishipa. Tofauti ni kwamba bandiko hutoa nikotini kidogo kidogo bila kupanda ghafla, na halina kaboni monoksidi, sianidi wala maelfu ya kemikali nyingine za moshi. Katika ule utafiti wa mwaka 2003, walioacha kwa kutumia bandiko la nikotini hawakupata maambukizi zaidi ya walioacha kwa bandiko lisilo na dawa. Kwa hiyo, kwa wagonjwa wengi, bandiko ni bora mara nyingi kuliko sigara. Katika upasuaji wa kuhamisha ngozi baadhi ya madaktari hutaka pasiwe na nikotini ya aina yoyote, na hapo ufuate neno la daktari wako. Zipo pia dawa zisizo na nikotini, kama varenikilini na bupropioni, ambazo huandikwa na daktari baada ya kuangalia historia yako ya afya.

Vipi kuhusu shisha, sigara za kielektroniki, ugoro na tumbaku ya kutafuna?

Shisha si nafuu. Maji hayachuji kaboni monoksidi, na mkaa unaowaka juu yake huizalisha kwa wingi. Katika kikao cha saa moja mtu huweza kuvuta moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja.

Sigara za kielektroniki hazichomi tumbaku, kwa hiyo kaboni monoksidi si tatizo lake kuu, lakini nyingi zina nikotini, na majaribio kwa wanyama yameonyesha ngozi iliyonyanyuliwa ikifa zaidi kwa waliovutishwa mvuke huo kuliko kwa wasiovutishwa. Madaktari wa upasuaji wengi husema ziachwe pia, nami nakubaliana nao. Ugoro na tumbaku ya kutafuna hazina moshi, bali huingiza nikotini nyingi mwilini, na kwa kidonda kilicho ndani ya mdomo humwaga sumu mahali penyewe.

Nikipunguza kutoka sigara 20 hadi tano, haitoshi?

Kupunguza ni hatua, lakini mara nyingi hatua hiyo humdanganya anayeipiga. Mtu aliyezoea sigara 20 hujikuta anavuta tano kwa pumzi ndefu zaidi na kuzimaliza hadi kwenye kichungi, akitafuta kiwango kilekile cha nikotini. Faida kubwa iliyoonekana kwa vidonda ni ya walioacha kabisa.

Si nitumie tu vitamini, chakula bora na antibayotiki kufidia?

Chakula bora ni lazima kwa kila mwenye kidonda, na kwa mvutaji ni lazima zaidi, maana uvutaji hula akiba ya vitamini C ambayo mwili huihitaji kutengeneza kolajeni; miongozo ya lishe ya Marekani humtaka mvutaji apate miligramu 35 zaidi kwa siku kuliko asiyevuta. Antibayotiki nazo zina kazi yake pale daktari anapoona maambukizi. Lakini dawa hufika kidondani kwa damu ileile iliyobanwa, na vitamini haifungui mshipa uliokazwa. Hakuna kitu kinachomezwa au kupakwa kinachoweza kuchukua nafasi ya oksijeni.

Na moshi wa wengine nyumbani?

Anayekaa chumbani na wavutaji huvuta nikotini na kaboni monoksidi ile ile, ingawa kwa kiwango kidogo zaidi. Mwenye kidonda apewe chumba kisichovutiwa, na wanaovuta watoke nje kabisa. Dirisha lililo wazi halitoshi.

Ninaona haya kumwambia daktari kwamba ninavuta. Lazima nimwambie?

Tafadhali mwambie, tena umwambie idadi ya kweli. Mtaalamu wa dawa za usingizi anaihitaji taarifa hiyo ili ayalinde mapafu yako, na daktari wa upasuaji huenda akabadili namna ya kushona, muda wa kutoa nyuzi au siku ya kukurudisha kwa ukaguzi. Mgonjwa huficha kwa sababu aliwahi kukaripiwa, na kwa upande huo lawama iko kwetu tunaozungumza na wagonjwa: tumbaku hushika watu kwa nguvu, wengi huianza wakiwa bado watoto, na karipio halijawahi kufunga kidonda cha mtu.

Kovu langu litakuwa baya kwa sababu ya sigara?

Kidonda kilichotunga usaha au kuachana huacha kovu pana zaidi kuliko kilichofunga kwa mara ya kwanza, na hiyo ndiyo njia kuu ambayo sigara huharibu kovu. Pia uvutaji huongeza vimeng'enya vinavyovunja kolajeni, hivyo ngozi ya mvutaji hukosa uimara hata pasipo na kidonda.

Ni dalili gani zinanitaka nirudi hospitalini bila kusubiri?

Homa au baridi ya kutetemeka, maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, wekundu au joto linalosambaa kutoka kwenye mshono, usaha au majimaji yenye harufu, kingo zinazoachana, ukingo unaogeuka mweusi au kijivu, ganzi au ubaridi wa kidole kilicho mbele ya kidonda. Mshono wa tumbo ukitoa ghafla majimaji mengi ya rangi ya waridi, nenda siku hiyohiyo, kwani huweza kuwa ishara kwamba tabaka la ndani limefunguka. Kidonda chochote ambacho hakijaonyesha dalili ya kufunga baada ya wiki nne kinahitaji kuchunguzwa upya, uwe unavuta au huvuti.

Nilishonwa juzi na jana nimevuta sigara mbili. Nifanye nini sasa?

Usiifanye hiyo iwe sababu ya kuvuta ya tatu. Kaboni monoksidi ya jana imeshatoka kwa sehemu kubwa, na mishipa iliyojikaza imekwisha kulegea; kidonda chako kiko tayari kuendelea kuanzia hapa. Kagua mshono kwenye mwanga wa kutosha, kunywa maji, na uweke mbali pakiti iliyobaki. Hamu ya kuvuta, ile ambayo wengi huiita arosto, kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, kwa hiyo inapokuja tembea polepole chumbani kama umeruhusiwa kutembea, au mpigie mtu simu hadi ipite. Kesho, kabla ya bandeji kubadilishwa, mweleze muuguzi kilichotokea na umwulize habari ya bandiko la nikotini.